Celia, Strephon na dobi wa Petersfield: jibu kwa mwalimu anayeandika tasnifu

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nasoma uzamili kwa njia ya masafa. Tasnifu yangu inahusu ushairi wa dhihaka wa Waingereza katika karne ya 18 na jinsi ulivyomchora mwanamke. Nilianza na shairi la Jonathan Swift, The Lady's Dressing Room, la kijana anayejipenyeza chumbani mwa mpenzi wake na kupekua uchafu wake. Sikulimaliza, nilifunga ukurasa. Msimamizi wangu anashikilia kwamba shairi lile linamtetea mwanamke, maana anayechekwa ni yule kijana. Mwenzangu tunayesoma naye anasema huo ni utetezi wa wakili wa kulipwa, tusi ni tusi. Nimesikia wapo wanawake wa wakati ule waliojibu mashairi haya kwa mashairi, ila sijui nianzie wapi. Nimebakiza wiki sita kuwasilisha sura hii. Niandike kwamba walimdhalilisha au walimtetea? Na samahani kwa swali hili: niliporudi kulisoma mara ya pili nilicheka. Je, nina tatizo?"

Marahaba, Mwalimu. Tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Huna tatizo. Shairi lilitungwa lichekeshe na kwako limefanya kazi yake. Hata wasomaji wa kwanza waligawanyika hivyo hivyo. Laetitia Pilkington, mwandishi wa Dublin aliyemfahamu Swift kwa karibu, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizoanza kuchapishwa mwaka 1748 kwamba mama yake alipokutana na shairi lile alitapika chakula alichotoka kula. Kwa hiyo uliyefunga ukurasa una mwenzio wa tangu enzi hizo, na uliyecheka unao wengi zaidi.

Sasa wasiwasi wenyewe. Umewekwa katikati ya watu wawili, mmoja anasema "alimtetea", mwingine "alimtukana", nawe unadhani tasnifu ni kuchagua upande. Nakuomba usichague bado. Wote wawili wanalisoma shairi moja kana kwamba lilitamkwa chumbani peke yake, wakati mashairi haya yalikuwa yanajibizana. Ukisikiliza upande mmoja wa ugomvi utajua sauti ilikuwa kubwa kiasi gani. Hutajua waligombea nini.

Kwanza tuliweke shairi mezani, na nitayataja yaliyomo kwa majina yake. Wenye haya wanisamehe. Swift alikuwa mkuu wa Kanisa Kuu la St Patrick huko Dublin, kasisi mwenye umri wa miaka 64, shairi hili lilipochapishwa mwaka 1732. Celia ametumia saa tano kujipamba. Ametoka. Betty, mtumishi wake, ana shughuli nyingine. Strephon, yule kijana, anaingia kimya kimya na kuanza kuhesabu vitu kama karani wa bohari anayekabidhiwa ghala: gauni la ndani lenye madoa ya jasho kwapani, vitana vilivyoziba kwa mba na vumbi, mafuta na dawa za kupaka usoni, glavu zilizoshonwa kwa ngozi ya Tripsy, yule mbwa mdogo wa Celia aliyekufa, beseni, taulo, soksi, kibanio cha kung'olea nywele, kioo kinachokuza uso ukawa kama wa jitu. Mwisho anakuta sanduku limechongwa kama kabati la maana. Analifunua. Ni choo. Anatoka anatangatanga akilia, "Ee Celia, Celia, Celia anakunya!"

Hiyo ndiyo habari yote aliyogundua: kwamba binadamu aliyekula huenda haja.

Lakini shairi haliishii hapo, na wengi wanaolinukuu hulikatia hapo. Mungu wa kike wa Kisasi anamwadhibu Strephon kwa kuchungulia: tangu siku hiyo kila mwanamke anayemwona, pua yake inakumbuka lile sanduku. Kisha anajitokeza msimulizi, anamwonea huruma, anasema laiti angeziba pua angefurahia alichokiona, kwa maana tulipu zile za rangi huota kwenye samadi.

Dhana ya kwanza ya kuirekebisha ni hii ya kumchukua anayesema ndani ya shairi ukamfanya Swift. Wewe unafundisha fasihi, neno nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, unalo. Litumie. Humu mna watu watatu: mtunzi, msimulizi na Strephon. Anayelia ni Strephon. Anayeshauri kuziba pua ni msimulizi. Swift amekaa nyuma yao wote wawili na hatuna sababu ya kuamini kwamba anakubaliana hata na yule wa pili. Mpaka hapa msimamizi wako yuko sawa.

Tena ana hoja yenye nguvu kuliko pengine alivyokueleza. Hayo majina, Strephon na Celia, hayakuokotwa barabarani. Ni majina ya mashairi ya mapenzi ya wachungaji wa kondoo, yale ambamo msichana ni mungu mdogo, pumzi yake ni waridi, hatoki jasho wala hakui. Sisi tunayajua ya kwetu, ya hurulaini na lulu na mwezi wa kumi na nne. Swift anachofanya ni kumchukua kijana aliyelelewa kwenye lugha hiyo na kumfungulia mlango wa chumba cha kweli. Kijana anaanguka kwa sababu alikuwa amepandishwa juu mno. Angalia mantiki yake: mwanaume aliyeamini kwamba mwanamke ni malaika ndiye yule yule atakayemwita najisi siku akigundua ana mwili. Sifa ile na tusi hili zimetoka nyumba moja. Nadhani hili ndilo jambo la maana kabisa ambalo ushairi huu unatufundisha, na ni hoja ambayo Swift anaielewa vizuri kuliko wengi waliomtangulia.

Ushahidi wa nje upo pia. Swift alimtungia Esther Johnson, rafiki yake wa maisha aliyemwita Stella, mashairi ya siku ya kuzaliwa. Lile la mwaka 1719 linaanza kwa kusema Stella leo anatimiza miaka 34, na tusibishanie mwaka mmoja au zaidi. Alikuwa anatimiza 38. Humo anamtania kwamba amenenepa, umri na kiwiliwili vimeongezeka maradufu, kisha anaisifu akili yake. Ukiyasoma mashairi ya Stella kando ya lile la Celia, unaona mtu anayejaribu kumpenda mwanamke bila kumfanya sanamu. Mimi hunigusa. Siwezi kuficha.

Lakini mwenzako naye asikilizwe, maana hoja ya nafsineni si kibali cha kupitishia kila kitu. Jiulize swali moja la kawaida kabisa: Celia anasema nini katika shairi hili? Hasemi kitu. Hayupo. Tumeonyeshwa nguo zake za ndani, beseni lake na choo chake, na yeye mwenyewe hajafungua mdomo. Adhabu ya Strephon ni ya Strephon, faraja ya msimulizi ni faraja ya wanaume, na ushauri wa kuziba pua haumpi Celia chochote zaidi ya kuendelea kuwa kitu cha kutazamwa, sasa kwa uvumilivu. Mwaka 1734 Swift alitoa jingine, A Beautiful Young Nymph Going to Bed, ambamo kahaba maskini anayeitwa Corinna anarudi chumbani usiku akavua nywele za bandia, jicho la kioo, nyusi za ngozi ya panya, meno. Analala anaota gereza la Bridewell na mjeledi. Hapo huruma ipo, naiona, ndoto zile si za mtu anayecheka tu. Hata hivyo ni mwili wa fukara uliotandazwa mezani ili wenye pesa ya kununua kitabu wauone. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na tasnifu yako iyabebe yote mawili bila kuomba radhi.

Dhana ya pili ya kurekebisha ni kwamba kumtetea mwanamke maana yake ni kumsifu. Hapa ndipo Alexander Pope, mshairi mwingine wa wakati ule, anapowapotosha watu. Waraka wake kwa mwanamke, Epistle to a Lady, ulitoka mwaka 1735. Unaanza kwa kauli kwamba wanawake wengi hawana tabia yoyote ya kudumu, na kwa ujanja mkubwa Pope anasema kauli hiyo si yake, ameisikia kwa yule bibi anayemwandikia. Yeye ananukuu tu! Kisha anatupitisha kwenye picha za wanawake mmoja baada ya mwingine, huyu mpenda anasa, huyu mpenda mamlaka, wengine wamezeeka mezani wakicheza karata. Mwishoni anageuka na kumsifu anayeandikiwa, rafiki yake Martha Blount, kuwa ndiye aliyepona. Sifa hiyo kila mwanamke anaijua: "wewe si kama wenzako." Ni zawadi iliyonunuliwa kwa kuwauza wengine wote. Shairi lake jingine maarufu, The Rape of the Lock, la shungi la nywele lililokatwa, ni laini zaidi na lina hotuba ya busara ya Clarissa aliyoiongeza mwaka 1717, lakini kwa wiki sita ulizonazo nakushauri uliache. Litakumeza.

Usidhani pia kwamba watu hawa waliuvumbua mchezo. Mrumi Juvenal alishaandika dhihaka yake ya sita dhidi ya wake karne nyingi nyuma, mshairi Dryden akaitafsiri kwa Kiingereza miaka ya 1690, na mshairi mwingine, Robert Gould, alikuwa ameshatoa matusi yake kwa wanawake mwaka 1682. Aliyemjibu Gould, Sarah Fyge, alisema alitunga jibu lake akiwa na miaka 14, nalo likachapishwa 1686. Kwa hiyo kufikia Swift, kumsema mwanamke kwa mishororo yenye vina na kujibiwa kwa mishororo yenye vina lilikuwa jambo la kawaida kama malumbano yetu ya magazetini.

Na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo pengine hujaitambua. Sisi tunajua kujibizana. Tunajua kwamba mshairi akitupiwa shairi analirudisha kwa bahari ile ile, na akiweza kwa vina vile vile, kwa sababu ushindi unaonekana vizuri ukimpiga mtu kwa fimbo yake. Wanawake hawa walifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo unapowasoma usiulize tu "wamesema nini". Uliza wamevaa nguo za nani.

Anza na Lady Mary Wortley Montagu. Swift ametumia tathnia, yaani mishororo inayokwenda miwili miwili kwa kina kimoja, mifupi ya mizani nane. Naye anatumia hizo hizo, katika shairi lililochapishwa bila jina lake mwaka 1734. Anadai anaeleza sababu iliyomfanya Daktari, yaani Swift, aandike lile la chumbani. Hadithi yake: Daktari amekwenda kwa kahaba, amelipa pauni nne, na ulipofika wakati wa kazi, mwili wake ukagoma. Anaanza kutafuta wa kulaumu: chumba kinanuka, vazi ni chafu. Anadai arudishiwe pesa. Mwanamke anakataa. Anatishia: nitakichora chumba chako kwa namna ambayo hata Waairishi hawatakuja. Mwanamke anamjibu kwamba vizuri, andika, nitapata karatasi za kujipangusia chooni.

Ona alichofanya. Swift alituonyesha chumba bila bei na bila mwili wa mwanaume. Montagu anarudisha vyote viwili, pesa mezani na mwanaume aliyeshindwa, kisha anampa neno la mwisho yule ambaye Swift alimnyima hata la kwanza. Hata Betty, aliyekuwa mtumishi asiyekuwepo chumbani, humu jina lake amepewa mwanamke anayejibu. Mimi hulisoma hili darasani na wasichana wa nyuma huinua vichwa.

Ila tusimfanye malaika naye. Jibu lake ni kumcheka mtu kwa kukosa nguvu za kiume, na kuwacheka Waairishi njiani. Kahaba wake ni silaha, hatujui anaishije. Montagu alikuwa binti wa mkubwa wa nchi aliyejifunza Kilatini mwenyewe kwa kujificha katika maktaba ya baba yake, na vita vyake na Pope, aliyewahi kuwa rafiki yake, vilikuwa vichafu pande zote mbili. Kinachonifanya nimvumilie ni jambo jingine. Mwaka 1715 aliugua ndui. Ilimwachia makovu usoni na kumwondolea kope. Alikuwa amesifiwa kwa uzuri. Alijua, kuliko Swift na Pope, uso wa mwanamke unauzwaje na unashukaje bei. Ndiye yule yule aliyeona Waturuki wakichanja ndui, akamchanja mwanawe huko huko kwao, Constantinople, mwaka 1718 na binti yake London mwaka 1721.

Anayemfuata kwa hoja ni Anne Ingram, Viscountess Irwin, aliyemjibu Pope mwaka 1736. Yeye hana kelele. Anachukua tathnia ndefu za Pope na heshima zote, kisha anauhamisha ugomvi. Pope amesema maumbile ya mwanamke yanatawaliwa na anasa na tamaa ya kutawala. Ingram anasema maumbile ni mamoja kwa wote wawili, tofauti yote imelala kwenye elimu: wafundishwe, nao watakuwa hodari na wenye hekima kama wanaume. Kama desturi imewahukumu wanawake kwa upuuzi na uvivu, Pope ashangae nini akiwaona wapuuzi? Kumbuka hapa tunazungumzia nchi ambayo Oxford ilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1920 na Cambridge mwaka 1948. Udhaifu wa Ingram ni kwamba anaikubali picha ya Pope, wanawake wapuuzi wengi, halafu anaeleza chanzo chake. Tena anamwomba Pope huyo huyo awe mwalimu. Hata hivyo, akishasema "chanzo" badala ya "tabia", mlango umefunguka, na wanaopita hapo baada yake hawana vyeo.

Mary Leapor alikuwa mtumishi wa jikoni huko Northamptonshire. Alikufa kwa surua mwaka 1746 akiwa na miaka 24, na mashairi yake yakachapishwa baada ya kifo kwa fedha za watu waliojiandikisha kununua. Alimpenda Pope, aliijua mishororo yake kwa moyo, na katika An Essay on Woman anaigeuza kama mpishi anavyogeuza chapati. Mwanamke ni ua la muda mfupi, akiwa mke yu kifungoni, asipoolewa anapuuzwa, akiwa na sura mbaya anadharauliwa, akiwa mzuri anasalitiwa. Kisha anatueleza sifa zinatoka wapi. Ni mali inayompa msichana kila uzuri. Wanaume wangapi wanaugua kwa ajili ya sura ile, ekari za shamba zikichanua kuzunguka kichwa chake! Ndoa ikishafungwa, mungu wa ndoa anainua fimbo yake na mungu mke anarudi kuwa udongo aliotoka.

Rudi sasa kwa Strephon. Ni jambo lile lile: mungu aliyegeuka udongo. Kwa Swift sababu ni kwamba mwanaume amechungulia chooni. Kwa Leapor sababu ni mkataba. Sheria ya Uingereza wakati ule ilimpa mume fedha na vitu vya mkewe mara tu walipooana, na hali hiyo haikuanza kulegea kwa kweli mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882. Leapor hakusomea sheria. Alikuwa anaosha vyungu katika nyumba ambamo mambo haya yalizungumzwa mezani.

Halafu kuna Mary Collier, na nakusihi sura yako imfikie yeye hata kama utalazimika kumpunguza Pope. Alikuwa dobi wa Petersfield, Hampshire. Stephen Duck, mpuraji wa nafaka aliyegeuka mshairi, alitoa mwaka 1730 shairi la taabu za wapuraji, likamfikisha kwa Malkia Caroline akapewa nyumba na pensheni. Humo ndani Duck, fukara mwenyewe, anapita shambani na kuwacheka wanawake wanaokausha majani: wanapiga domo, kazi hawafanyi, mvua ikija wanakimbia. Mwaka 1739 Collier akamjibu kwa The Woman's Labour.

Anampa jibu la shambani kwanza: ninyi mkichoka mnarudi nyumbani mnakuta chakula, sisi tumefanya kazi ile ile, tumebeba watoto hadi shambani, tukirudi kazi inaanza upya. Duck alisema hata ndotoni mpuraji anapura. Collier anasema sisi hatupati hata muda wa kuota. Kisha anatupeleka kwenye kufua. Ni baridi, bado usiku, wanawake wamefika kwenye nyumba ya tajiri na wanangoja nje, mtumishi wa ndani amelala fofofo. Wakishaingia wanasugua mpaka mama mwenye nyumba anashuka, pengine na kikombe cha bia mkononi cha kuwachangamsha, na maagizo: vitambaa hivi vya thamani viangalieni sana, lesi msiichane, sabuni na kuni msitumie ovyo. Wanaendelea mpaka jasho, na si jasho peke yake, damu inachuruzika kwenye vifundo vya mikono na vidole vyao. Malipo ni peni sita au nane. Shairi linaishia kwa nyuki, ambao asali yao huvunwa na mwenye mzinga.

Sasa nikuulize, Mwalimu. Lile gauni lenye madoa kwapani ambalo Strephon alilitazama kwa kinyaa, lilifuliwa na nani?

Swift alikiingiza chumbani kila kitu isipokuwa kazi. Uchafu wa Celia unatokea, unanuka, na katika shairi lake haufuliwi na mtu. Collier anatoka upande wa pili wa nguo ile ile. Ukiwaweka hawa wawili kurasa zinazotazamana, swali la "alimdhalilisha au alimtetea" linaanza kuonekana dogo, kwa sababu unaona kwamba mabishano ya mabwana juu ya mwanamke yalikuwa ya mwanamke mmoja tu, mwenye saa tano za kujipamba.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu sura. Ukiandika kwamba washairi hawa waliwachukia wanawake, utamaliza kwa wiki mbili na utakuwa umemwacha nje Stella na nusu ya mwisho ya shairi. Ukiandika kwamba kinaya kinawatakasa, msimamizi atafurahi na wewe utajua moyoni kwamba Celia bado hajasema kitu. Njia ya tatu, ya kuyasoma kama malumbano, ni nzuri kuliko zote ila ina gharama: inakudai usome mashairi manne au matano vizuri badala ya moja, na inakunyima hitimisho tamu. Ningechukua Swift na Montagu kama jozi ya kwanza, Pope na Ingram jozi fupi, Leapor kama daraja, na Collier na Duck mwisho. Usidai popote kwamba mashairi haya yalibadilisha sheria. Na usiwafanye wanawake hawa timu moja. Montagu asingemfungulia Collier mlango wa mbele, na Collier naye anatetea haki ya kuzungumza kazini kwa kusema kwamba ni Waturuki tu wanaowakataza watumwa wao, jambo ambalo Montagu, aliyeishi huko, angelicheka.

Yapo mambo mawili ambayo barua haitoshi. La kwanza ni msimamizi wako. Usibishane naye kwa ujumbe wa simu. Omba nusu saa ana kwa ana, nenda na shairi limechapwa, lisomeni kwa sauti mpaka mwisho, kisha mwombe akuonyeshe kwa kidole mshororo ambao Celia anatetewa. Huenda akaupata. Huenda mkaupata pamoja. Mkutubi wa chuo pia akusaidie kupata toleo lisilokatwa, maana baadhi ya wahariri wa zamani waliyaficha maneno mazito kwa vistari, na bila maneno hayo Montagu hana cha kujibu.

La pili ni darasa lako. Ukishawishika kulipeleka shairi la Swift kidatoni, usilipeleke peke yake. Wasichana wa miaka kumi na sita wamekwisha kusikia vya kutosha kuhusu miili yao, na kicheko cha wavulana dawati la nyuma hakijui nafsineni ni nani. Ukiona binti amenyamaza kwa namna isiyo ya kawaida, liweke somo kando, muite baadaye, na kama kuna jambo zito nyuma yake mkutanishe na mwalimu wa ushauri wa shule, uso kwa uso, siku hiyo hiyo.

Ukishafika kwa Collier niandikie tena, na unitumie ulivyotafsiri ule mshororo wa damu na vidole kwa mizani yetu. Nimeujaribu mara tatu na kila mara mizani inazidi mbili.